Mgonjwa asiyeweza kupona bado ana haki ya kutunzwa

KUNA maneno manne ambayo jamaa wengi wa Taita Taveta wameyasikia wakiwa wamesimama kando ya kitanda cha hospitali: "Hakuna la kufanya tena." Baada ya hapo hupewa karatasi ya kuondoka, mgonjwa huvikwa nguo zake, na safari ya kurudi nyumbani huanza. Huenda nyumbani ni chumba cha kupanga mjini Voi. Huenda ni Sagalla au Kasigau, au juu milimani Wundanyi, mahali ambapo gari huachwa barabarani na mgonjwa akabebwa kwa machela.

Mimi pia niliwahi kuyatamka maneno hayo. Nilikuwa daktari mchanga, na mgonjwa wangu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Kansa ya tezi dume ilikuwa imekwisha kuenea mifupani. Nilimwita kijana wake kando, nikamweleza kwamba ugonjwa hauponi, nikamwandikia vidonge vya kutuliza maumivu vya siku saba, vile vile ambavyo mtu hununua dukani akiumwa na kichwa. Majuma matatu baadaye kijana huyo alirudi peke yake. Alisema baba yake alikuwa akilia usiku kucha, mpaka majirani wakaacha kuja kumjulia hali. Kisha akaniuliza, "Daktari, kweli hapakuwa na dawa?"

Dawa ilikuwapo nchini. Katika stoo yetu haikuwapo, nami sikujisumbua kuuliza ni wapi ingeweza kupatikana.

Msomaji, yamkini wewe unaishi Mombasa au Nairobi, na mzazi wako yuko nyumbani Taita. Yamkini siku moja utapigiwa simu uambiwe kwamba madaktari wameshindwa. Ningependa siku hiyo ujue jambo moja: pale ambapo kuponya kumeshindikana, kutunza ndipo kunapoanza, na kazi hiyo ni kubwa, ina ujuzi wake na ina dawa zake.

Tiba shufaa ni nini?

Utunzaji wa mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauwezi kuponywa huitwa tiba shufaa. Shabaha yake ni kumwondolea mgonjwa mateso ili siku alizobakiwa nazo aziishi kama binadamu. Tiba hii haikusudii kumharakishia mtu kifo, wala haikusudii kumrefushia mateso kwa mitambo na sindano zisizo na faida.

Mtu aliyeujengea utunzaji huu msingi katika zama zetu ni Bi. Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeanza kazi akiwa muuguzi, kisha akawa mhudumu wa ustawi wa jamii, na hatimaye akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mauti yana pande nne: mwili unauma, moyo una hofu, jamaa na fedha vinamtia wasiwasi, na roho inauliza maswali. Ukiutibu mwili peke yake, umetibu robo tu.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo mwanzoni, alikwenda Kampala na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, ambako unga wa mofini ulichanganywa na maji na kuwa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika dawa hiyo. Huku kwetu pwani, ipo Coast Hospice mjini Mombasa.

Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziingize tiba shufaa katika huduma zao za kawaida. Kenya nayo ilitoa sera yake ya tiba shufaa ya kuanzia mwaka 2021 hadi 2030. Aidha, kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hiyo haiishi pale daktari anaposema ugonjwa hauponi.

Voi ilijifunza zamani

Watu wa Voi si wageni wa jambo hili. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na katika miaka ya 1990 ukimwi uliziingia nyumba nyingi za miji ya barabara hiyo. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zimewafikia wananchi wa kawaida. Novemba 1999 serikali iliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Wakati huo wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, kwa hiyo wengi walitunzwa nyumbani na mama, dada, wake, na watu wa kujitolea wa makanisa na misikiti.

Waliotunza wagonjwa enzi hizo walijifunza kugeuza, kuosha, kulisha na kukaa na mtu bila ya kumwonea kinyaa. Ujuzi huo haukupotea, bali unahitajika tena leo. Kwa sasa anayelala chumba cha ndani huenda ana kansa ya umio, ya mlango wa kizazi au ya titi, au moyo uliochoka, au figo zilizoshindwa, au amepatwa na kiharusi kikali.

Hali ya nchi yetu pia inadai hivyo. Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 katika sensa ya mwaka 2019, nao wametawanyika pembezoni mwa mbuga ya Tsavo, ambayo imechukua zaidi ya nusu ya eneo lote. Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Katika baadhi ya vijiji mtu hawezi kutoka usiku kwa sababu ya ndovu. Maumivu yakizidi saa nane za usiku, dawa iliyoko Voi haina faida kwa mgonjwa aliye Kasigau. Ni lazima iwe tayari ndani ya nyumba.

Maumivu yanaweza kutulizwa

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya kansa kwa mfano wa ngazi. Daraja la kwanza ni dawa kama paracetamol na ibuprofen. Zikishindwa, hupandwa daraja la pili, lenye dawa kama kodeini na tramadol. Maumivu yakiwa makali, dawa ni mofini. Mgonjwa ambaye tayari ana maumivu makali halazimiki kuzipanda ngazi moja moja.

Wengi wakisikia jina la mofini hushtuka. Kuna mambo matatu wanayoyaogopa, nami nitayajibu.

La kwanza ni kwamba mgonjwa atakuwa mtumwa wa dawa za kulevya. Mgonjwa anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra sana kugeuka mlevi wa dawa hizo. Mwili wake huzoea dawa, ndiyo maana haiachwi kwa ghafla, lakini hilo si sawa na ulevi.

La pili ni kwamba mofini huua. Ikianzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole kulingana na maumivu, haimharakishii mgonjwa kifo. Hatari ipo iwapo mtu atajiongezea kipimo bila ya ushauri, au mgonjwa ana ugonjwa wa figo na daktari hakuelezwa.

La tatu ni kwamba sheria inakataza. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inakataza biashara haramu, lakini inaruhusu matumizi ya matibabu. Mofini huandikwa na mtu mwenye idhini na hutolewa na duka la dawa la hospitali. Nyumbani ifungiwe mahali salama, mbali na watoto.

Kanuni kubwa ni kumpa mgonjwa dawa kwa saa. Mofini ya kunywa hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa nne. Ukisubiri mpaka mgonjwa alie ndipo umpe, utakuwa unayafukuza maumivu kila mara bila ya kuyashika. Andikeni saa na kipimo katika daftari. Siku za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia au kuhisi kichefuchefu, na kwa kawaida hali hiyo hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ile ile mofini inapoandikwa.

Kazi ya mikono

Dawa ni sehemu moja tu. Sehemu kubwa ya utunzaji hufanywa kwa mikono, na wauguzi wanaweza kumfundisha mtu yeyote wa nyumbani kwa muda mfupi.

Mgeuzeni mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kisha chali. Vidonda vya kulala kitandani huanzia pale mfupa unapokandamiza ngozi, yaani kiunoni kwa nyuma, kwenye nyonga, visigino na mabega. Ngozi ikibadilika rangi au ikiwa na joto, msiisugue. Ondoeni uzito mahali hapo kwa kuweka mto, au hata leso zilizokunjwa. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Kwa joto la Voi, jasho peke yake linaweza kuichubua ngozi, basi mgonjwa afutwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa taratibu.

Kinywa kisafishwe mara kadhaa kwa siku. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji safi, uchovye kitambaa laini, umfute ulimi, fizi na mashavu kwa ndani. Midomo ipakwe mafuta. Ukiona utando mweupe kinywani, mwambie muuguzi, kwani huo una dawa yake.

Kidonda cha kansa kinachonuka ndicho huwafukuza wageni na kumfanya mgonjwa ajifiche. Harufu hiyo husababishwa na vijidudu. Muulize daktari juu ya vidonge vya metronidazole, ambavyo husagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda baada ya kukiosha kwa maji ya chumvi. Ni dawa ya bei rahisi, na mara nyingi harufu hupungua baada ya siku chache. Nimemwona mama mmoja akirudi kukaa sebuleni na wajukuu wake kwa sababu ya vidonge hivyo tu.

Vaeni glavu mnapogusa damu, usaha au choo, na nawani mikono kwa sabuni. Lakini kumshika mkono mgonjwa, kumkumbatia au kumchana nywele hakuhitaji glavu.

Asipotaka kula

Hapa ndipo nyumba nyingi hugombana. Mgonjwa anakataa uji, dada analia, shangazi anasema tumemwacha afe njaa. Jueni kwamba mtu anayekaribia mwisho hapungukiwi na chakula ndipo afe. Mwili wake ndio unaofunga kazi, nao hautaki tena chakula. Kumlazimisha humletea kutapika, na chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeni kidogo anachokipenda, wakati anapokitaka. Vijiko viwili vya uji alivyoviomba mwenyewe ni bora kuliko bakuli zima alilolazimishwa.

Hali kadhalika maji ya mishipani. Katika siku za mwisho kabisa mara nyingi hayamwongezei raha, na huweza kumjaza maji kwenye mapafu na miguu. Kulowesha midomo mara kwa mara humtosheleza.

Siku za mwisho

Mtu anapokaribia kukata roho hulala muda mwingi, huongea kidogo, na huenda asiwatambue watu. Mikono na miguu huwa baridi. Pumzi hubadilika, zikaenda kasi, zikasimama kidogo, kisha zikaanza tena. Koo linaweza kutoa mkoromo kwa sababu ya mate asiyoweza kuyameza. Sauti hiyo huwatisha jamaa zaidi kuliko inavyomsumbua mgonjwa. Mlazeni kwa ubavu, na mwinueni kichwa kidogo.

Endeleeni kuzungumza naye, kwani kusikia hudhaniwa kuwa miongoni mwa fahamu zinazobaki hadi mwisho. Msiyazungumze mambo ya mazishi au ya mashamba juu ya kichwa chake. Kama anataka padri, mchungaji au imamu, aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia.

Yapo mambo ambayo hayafai kusubiri, hata kwa mgonjwa wa namna hii: maumivu yaliyozidi ghafla, damu nyingi, degedege, kushindwa kupumua, au miguu kupooza ghafla kwa mtu mwenye kansa. Pigeni simu kwa muuguzi au daktari mara moja.

Ukweli, wasia na mtunzaji

Jamaa wengi huniomba nisimwambie mgonjwa. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mara nyingi mgonjwa anajua, naye anawaficha wao kama wanavyomficha yeye. Muulizeni kwanza, "Ungependa kujua kiasi gani juu ya ugonjwa wako?" Kisha mwambieni kiasi hicho. Watoto nao waelezwe kwa maneno rahisi. Mtoto asiyeambiwa hujitungia sababu zake, na wengine hudhani wao ndio waliosababisha.

Ukweli humpa mgonjwa nafasi ya kupanga mambo yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi ya Kenya, wasia wa maandishi utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi zao. Anayerithi asiwe shahidi. Wasia wa mdomo pia hukubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeutoa afariki katika muda wa miezi mitatu. Waislamu hufuata sheria yao ya mirathi. Kifo kikitokea nyumbani, taarifa ipelekwe kwa naibu wa chifu, ili kisajiliwe na kibali cha kuzika kipatikane.

Na mtunzaji je? Katika nyumba nyingi ni mwanamke mmoja, binti au mke wa mwana, anayelala sakafuni kando ya kitanda miezi mitatu mfululizo. Huyo naye ni mtu. Wekeni zamu. Wewe uliye mjini, ukituma pesa umefanya vyema, lakini njoo ulale usiku mmoja kando ya mzazi wako ili dada yako alale. Nimeona pia nyumba zikichanga fedha nyingi kwa matanga, ilhali wiki mbili kabla zilikosa nauli ya kumwendea mgonjwa dawa. Mchango uanze mgonjwa akiwa hai.

Kabla ya kutoka hospitalini

Ukiambiwa umpeleke mgonjwa wako nyumbani, usitoke kabla ya kuuliza maswali haya, nawe usione haya:

1. Ni dawa gani ya maumivu anayopewa, na maumivu yakizidi nimwongezeeje?

2. Dawa zikiisha, zitapatikana wapi, na ni nani atakayeziandika? Kama hapa hakuna mofini, ni hospitali gani iliyo nayo?

3. Ni nambari gani ya simu nitakayopiga usiku?

4. Muuguzi anaweza kunionyesha jinsi ya kumgeuza, kumwosha na kumsafisha kidonda kabla hatujaondoka?

5. Naomba barua inayoeleza ugonjwa wake na dawa zake, ili niipeleke zahanati iliyo karibu na kwetu.

Mkifika nyumbani, mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu hao wapatao 100,000 kote nchini. Yeye hawezi kuandika mofini, lakini anaweza kumtembelea mgonjwa, kuwafahamisha wauguzi hali yake, na kutambua jambo linalokwenda mrama. Hospitali ya rufaa ya Voi, pamoja na zile za Wesu, Mwatate na Taveta, ndiko pa kuanzia kuuliza. Mkikosa msaada hapo, ulizeni Coast Hospice.

Kijana yule wa mzee wa reli hakunikasirikia. Alinishukuru kwa kazi, akaaga, akaondoka. Tangu siku hiyo, ninapolazimika kumwambia mtu kwamba ugonjwa hauponi, simwachi hapo. Huvuta kiti, nikamwambia, "Sasa tuzungumze juu ya yale tutakayoyafanya." Nawe, msomaji, daktari wako akisahau kuvuta kiti, mvutie wewe.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.